Marekani au Kanada? Ulinganisho kwa mwenye kesi Nyarugusu na ndugu zake wanaobishana kwenye simu

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni Mbembe wa Fizi, mashariki ya Kongo. Aliingia Nyarugusu akiwa mtoto wa miaka minane, mwishoni mwa 1996, kambi ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa pale Kasulu, Tanzania. Leo ana watoto saba nyumbani na ndugu wawili ng'ambo wasioelewana. Mdogo wake yuko Edmonton, Kanada. Kila Jumapili anamwambia aachane na habari za Marekani, atafutiwe kanisa la kumdhamini. Mtoto wa baba yake mkubwa yuko Iowa, na Jumapili hiyohiyo anamwambia atulie, faili lake la kuhamishiwa Marekani limeshafika mbali, Marekani itafunguka tena. Juzi akanipigia: "Shemeji, wewe ulikaa kwenye vile vyumba vya intavyuu. Nishike lipi?"

Ni kweli nilikaa. Nilifanya ukalimani kwa miaka minne, na kazi hiyo ni kusema ya wengine na kumeza ya kwako. Kwenye simu nilimjibu kwa haraka, tena vibaya. Hapa najaribu upya.

Kwanza tulipunguze hilo neno kuchagua. Mtu aliyependekezwa na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ahamishiwe nchi ya tatu hachagui nchi kama anayechagua kitenge sokoni. Faili lake linapelekwa palipo na nafasi, na wanaopata nafasi kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Uchaguzi unabaki mahali patatu tu. Kuna njia ambazo ndugu wa ng'ambo ndiye anayezianzisha. Kuna suala la kungoja au kutongoja. Na kuna namna unavyoieleza familia yako na vita vyako unapoulizwa. Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndugu hawa wawili hawajawahi kuligusa.

Wanachobishania huko

Huwezi kulinganisha milango bila kujua wenye nyumba wanagombania nini. Nchini Marekani upande mmoja unasema: hawa watu hatuwajui. Wametoka nchi zisizo na daftari, sasa nani atathibitisha jina la mtu ambaye ofisi ya mtaa wake iliungua? Si hoja ya kubeza. Mwaka 2011, katika mji wa Bowling Green, Kentucky, FBI iliwakamata Wairaki wawili walioingia 2009 kama wakimbizi. Alama za vidole za mmoja wao zilikuwa kwenye masalia ya bomu la barabarani lililopatikana Irak miaka kadhaa nyuma. Masalia hayo yalikuwa yamehifadhiwa na Wamarekani wenyewe, ila hakuna aliyekuwa amelinganisha alama zile na zake. Mchujo ulikuwepo, lakini daftari moja halikuwa likiongea na jingine. Baada ya pale ukaguzi ukaongezwa, hata kwa watu waliokuwa wameshapita, na mwaka ule wa bajeti wakafika wakimbizi takriban 56,000 wakati kikomo kilikuwa 80,000. Wengi waliobaki nyuma hawakuwa Wairaki hata kidogo.

Upande wa pili unajibu kwa hesabu. Cato Institute, taasisi ya Washington ya watu wa soko huria, ambayo si kanisa wala shirika la misaada, ilipitia mwaka 2016 wakimbizi wote walioingia Marekani kuanzia 1975 hadi 2015. Walikuwa zaidi ya milioni 3.2. Waliohusika na ugaidi, uliofanyika au uliojaribiwa, walikuwa 20. Waliouawa walikuwa watatu, wote kwa mikono ya wakimbizi kutoka Kuba, katika miaka ya 1970, kabla ya sheria ya wakimbizi ya 1980 iliyoweka utaratibu wa sasa.

Mimi naziamini hesabu hizo. Ila nimeona hazimgeuzi mtu, kwa sababu mjadala wenyewe hauendi kwa hesabu. Unaendeshwa na tukio la mwisho. Novemba 2015, baada ya mashambulizi ya Paris, magavana zaidi ya 30 wa Marekani walisema hawataki Wasyria kwenye majimbo yao, na Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 289 dhidi ya 137 mswada wa kuongeza masharti. Ulikwama Seneti. Wakati huohuo Kanada, iliyosikia mabomu yaleyale, ilipokea Wasyria 25,000 kati ya Novemba 4, 2015 na Februari 29, 2016.

Usidhani Wakanada hawakuogopa. Waliogopa kwa namna yao. Walitanguliza familia kamili na wanawake walio hatarini, na vijana wa kiume wasio na mke wala wazazi wakaambiwa wasubiri. Ule ulikuwa mchujo kabla ya mchujo, uliofanyika bila mtu kuitwa gaidi. Kijana wa Kikongo wa miaka 24 aliye peke yake Nyarugusu aliweke hilo moyoni kabla ya kuisifia Kanada kwa ukarimu.

Mchujo wenyewe

Kwa Marekani safari ilikuwa hivi. HCR inakusajili, inathibitisha ukimbizi wako, inakupendekeza. Kituo cha kanda, ambacho kwa Afrika yetu makao yake ni Nairobi na kimekuwa chini ya Church World Service, kinaandaa faili na kukuhoji. Majina yako, pamoja na yale ya utani na ya ubatizo, yanapelekwa kwenye madaftari ya Wizara ya Mambo ya Nje, FBI, idara za ujasusi na Wizara ya Usalama wa Ndani. Alama za vidole zinakwenda FBI na hadi jeshini. Kisha anakuja ofisa wa uhamiaji wa Marekani, anakaa mbele yako saa nzima au zaidi, na yeye ndiye mwenye neno. Baada yake kuna vipimo vya afya vya IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji), mafunzo ya utamaduni, kutafutiwa mji, na ukishuka uwanja wa ndege ofisa mwingine anakuangalia upya. Katika miaka ya kawaida ilichukua miezi 18 hadi 24. Nimesema miaka ya kawaida. Sikumbuki niliuona mwaka wa namna hiyo.

Kwa Kanada hatua ni chache machoni pa mkimbizi, kwa sababu nyingi hazifanyiki mbele yake. Ofisa wa uhamiaji anahoji, alama za vidole zinachukuliwa, idara ya ujasusi na wakala wa mipaka wanapitia faili, IOM inapima afya. Nafuu yake ni kwamba ofisa mmoja anaamua mambo mawili pamoja, ukimbizi wako na ukaaji wako wa kudumu. Ubaya wake ni foleni. Ukiwa kwenye njia ya udhamini wa watu binafsi, hesabu kwa miaka.

Kuna jambo linaloumiza zaidi upande wa Marekani ambalo hata waliopo ndani ya safari hawalioni. Kila kipimo kina tarehe ya kuchacha. Vipimo vya afya ni miezi sita, na aliyeonekana na dalili za kifua kikuu ni mitatu. Alama za vidole ni miezi 15. Majina yana muda wake. Ili familia ipande ndege lazima vyote viwe hai siku moja, kwa watu wote waliomo kwenye faili. Mwanasiasa anapoongeza kipimo kimoja ili kuwatuliza wapigakura, kile kipya kinapongojewa vingine vinachacha. Halafu mama anajifungua, na mtoto mchanga naye anaanza hatua ya kwanza. Nimeona familia ikipimwa kifua mara nne bila kuondoka. Baba wa familia hiyo alikuwa akitania kwamba picha za mapafu yake zimesafiri zaidi yake.

Mbuzi wa Mai-Mai

Hapa ndipo tofauti ya nchi hizi mbili inapomgusa Mkongo moja kwa moja.

Sheria za Marekani za 2001 na 2005 zilipanua maana ya kuusaidia ugaidi kiasi kwamba kundi lolote la watu wawili au zaidi wenye silaha laweza kuhesabika, na msaada wowote waweza kuhesabika: pesa, malazi, sahani ya ugali. Mai-Mai, wanamgambo wa mashariki ya Kongo, waliokuja usiku na kuondoka na mbuzi wako waliingia humo. Tangu 2007 kuna msamaha kwa aliyelazimishwa, lakini msamaha huo hautolewi mpaka ofisa aridhike kwamba kweli ulilazimishwa.

Sasa sikiliza sisi tunavyosimulia. Ofisa anauliza: "Uliwahi kuwapa waasi kitu chochote?" Mzee anajibu kwa adabu ya kwao: "Ndiyo, walikuja tukawasaidia mbuzi wawili na unga." Kuwasaidia! Kwa Mzee maana yake ni kwamba bunduki ilikuwa kifuani na hakutaka kutaja aibu ya kunyang'anywa mbele ya wanawe. Kwenye fomu ya ofisa neno hilo ni kosa la kisheria. Mkalimani hana ruhusa ya kumwambia Mzee abadilishe. Anatafsiri lilivyo, kisha anaomba kimyakimya ofisa aulize swali la pili. Maofisa wazuri waliuliza. Aliyechoka kwa kesi sita za siku ile hakuuliza, na faili likawekwa kwenye rafu ya kungoja.

Kanada sheria yake inauliza zaidi juu ya uanachama na matendo: ulikuwa mwanachama wa kundi, ulishiriki ukatili? Nayo inaweza kuwa pana, maana uanachama unaweza kutafsiriwa kwa upana. Lakini mbuzi aliyeporwa hawi mwiba kiasi kile. Mwenye historia ya kukaa kijiji kilichoshikwa na Mai-Mai kwa miaka, na wako wengi kutoka Fizi na Uvira, kwa kipengele hiki namwambia Kanada inampa pumzi zaidi.

Katika nchi zote mbili ushauri ni uleule. Sema kilivyotokea. Kama walikunyang'anya, sema walininyang'anya, taja bunduki, taja saa, taja walichosema wangefanya. Usiongeze wala usipunguze kwa heshima.

Una watoto wangapi?

Swali jepesi kuliko yote kwenye fomu ndilo limevunja kesi nyingi kuliko bomu lolote.

Mwaka 2008 Marekani ilianza Nairobi majaribio ya kupima vinasaba, DNA, kwa watu wapatao 500 waliokuwa wakiomba kuungana na ndugu zao, wengi wakiwa Wasomali na Waethiopia. Halafu wakapima nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwemo, hadi watu 3,000 hivi. Familia ambazo uhusiano wote uliotajwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Kwa nyingine, ama kipimo kilikataa angalau uhusiano mmoja, ama watu hawakutokea kupimwa. Oktoba ya mwaka huo mlango ule wa familia ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka Oktoba 2012, safari hii kipimo cha DNA kikiwa lazima.

Wapinzani wa wakimbizi wameitumia namba hiyo tangu siku ile: mnaona, wanasema uongo! Na uongo ulikuwepo, tusijifiche. Nafasi za watoto waliokufa ziliuzwa. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe waliibua Nairobi mtandao uliokuwa ukiwauzia wakimbizi nafasi za kwenda nje, wafanyakazi wakiwa ndani yake. Lakini ndani ya ile asilimia 80 kulikuwa pia na kitu ambacho kila msomaji wa Kiswahili anakijua tangu utotoni. Mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu. Ananiita baba mdogo, na mama yake alipouawa njiani akaacha hata kuongeza hilo neno mdogo. Ukiniuliza watoto wangapi nitasema saba, na sijadanganya. Maabara itasema sita.

Shemeji yangu ni huyohuyo. Kwenye kadi yake ya HCR wameandikwa watoto saba. Wa saba ni binti wa marehemu dada yake, aliyeingia nyumbani akiwa na miezi mitano.

Tulinganishe hapo. Marekani mtoto wa mkimbizi ni yule asiyeolewa au kuoa aliye chini ya miaka 21, na anayesafiri na wewe kama mwanao lazima awe mwanao kisheria. Mpwa huwekwa kwenye faili lake mwenyewe lililofungwa na lako kwa kamba ya namba, na HCR hufanya tathmini ya maslahi ya mtoto kwanza. Inawezekana, ila ni faili la pili lenye tarehe zake za kuchacha. Kanada mpaka ni chini ya miaka 22, na maofisa wana nafasi kwenye mwongozo wao kwa mtegemezi wa hali halisi, yaani mtu asiye wa damu ya moja kwa moja ambaye kweli unamlea, mradi naye awe mkimbizi. Kwa familia zetu mlango huo ni mpana zaidi.

Ila Kanada ina mtego wake. Ukimficha mwanafamilia kwenye ombi, asitajwe wala asichunguzwe, baadaye ukafika Edmonton na kutaka kumleta, sheria yao inamkata moja kwa moja. Tangu 2019 kumekuwa na mpango wa majaribio wa kulegeza hilo kwa baadhi ya watu. Usijenge nyumba juu ya majaribio. Ukimtaja, hata kama hasafiri na wewe kwa sasa, una mwaka mmoja tangu kufika kumwombea kwa njia ya haraka. Marekani inakupa miaka miwili kumwombea mume, mke au mtoto aliyebaki. Kwa kipengele hicho kimoja Marekani ni laini zaidi, angalau kwenye karatasi.

Kalamu iko kwa nani

Mdogo wake shemeji na yule wa Iowa wanabishana kana kwamba mchujo ndio mlango. Ninavyoona mimi, mchujo ni ukumbi tu. Mlango uko kwenye kalamu.

Marekani kalamu ni ya rais. Sheria ya 1980 inampa yeye, baada ya kushauriana na Bunge, kuweka kikomo cha kila mwaka wa bajeti unaoanza Oktoba 1. Kikomo cha mwaka wa 2017 kilikuwa 110,000, kikakatwa hadi 50,000 kwa amri ya Januari 27. Cha 2020 kilikuwa 18,000. Cha 2022 kilikuwa 125,000. Mwaka wa bajeti wa 2024 walifika watu zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote, karibu 20,000. Januari 20, 2025 ikasainiwa amri ya kusimamisha mpango wote kuanzia Januari 27, na safari za ndege zikaanza kufutwa hata kabla ya tarehe hiyo. Watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameshapangiwa safari. Hawa walikuwa wamepita kila hatua niliyoieleza hapo juu. Kesi ikafunguliwa Seattle. Mmoja wa walalamikaji alikuwa Mkongo aliyekuwa Nairobi na mkewe na mtoto wao mchanga, wameshauza vitu na kuacha nyumba ya kupanga. Jaji aliwapa zuio Februari, mahakama ya rufaa ikalipunguza nguvu Machi. Kikomo cha mwaka wa 2026 kiliwekwa 7,500, na kipaumbele walipewa Makaburu wa Afrika Kusini.

Angalia namba hizo tena: kutoka 110,000 hadi 18,000, zikapanda hadi 125,000, zikashuka hadi 7,500, ndani ya miaka kumi. Alama za vidole za Mbembe hazikubadilika mara tatu.

Kwa hiyo yule wa Iowa anaposema itafunguka, huenda ana haki, historia iko upande wake. Baada ya Septemba 11, 2001 ilifungwa pia, ikafunguka. Lakini anachomwomba shemeji ni kuweka umri wa wanawe rehani kwa uchaguzi wa nchi ya watu. Binti yake mkubwa ana miaka 19.

Na tahadhari moja ndogo: amri ya Juni 2025 ya kuzuia raia wa nchi 12 kuingia Marekani iliitaja Kongo. Ni Kongo ya Brazzaville. Kambini watu walilia bure wiki nzima.

Kanada kalamu ni ya waziri wa uhamiaji, kwa mpango wa viwango unaotangazwa kwa miaka mitatu mbele. Unapanda na kushuka, ila kwa hatua za mzee. Pia kuna mkono wa pili, wa wananchi wenyewe. Tangu 1979, enzi za wakimbizi wa Indochina, Mkanada anaweza kumdhamini mkimbizi kwa kumtajia jina, akamgharimia mwaka wa kwanza, na watu zaidi ya 300,000 wameingia hivyo. Marekani ilijaribu kitu kama hicho Januari 2023, ikakiita Welcome Corps: watu watano au zaidi walikusanya zaidi ya dola 2,000 kwa kila mkimbizi, na baadaye wakaruhusiwa kumtaja wanayemtaka. Wakongo wengi walioko kule walijaza fomu hizo kwa ndugu zao. Mapema 2025 mpango ukafutwa, fomu zikabaki fomu.

Hata hivyo yule wa Edmonton naye hasemi yote. Kanada ina milango mitatu ya wadhamini. Kikundi cha watu watano na mashirika ya kijamii, hii miwili ilisimamishwa kupokea maombi mapya Novemba 29, 2024 kwa sababu ya mrundikano. Kwa hiyo kukusanya marafiki wanne wa kwaya hakusaidii kitu mpaka serikali itangaze vinginevyo. Uliobaki ni wa mashirika yenye mkataba na serikali, mengi ni makanisa na majimbo ya makanisa, nayo yanapewa idadi ya watu kwa mwaka. Mdogo wake hana budi kulitafuta shirika lenye nafasi, asubiri, na awe na maelfu ya dola kwa familia ya watu tisa. Faida ya njia hii ni kwamba haidai lazima ile karatasi ya kuthibitishwa ukimbizi ambayo kikundi cha watano kilidaiwa.

Zipo njia mbili za pembeni Kanada ambazo Wakongo hawaziulizii vya kutosha. Moja ni ya wanafunzi, inayoendeshwa na WUSC, shirika la Kanada la vyuo vikuu, tangu 1978, na inafika Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi. Binti wa miaka 19 mwenye cheti kizuri aitazame kabla hajaolewa. Nyingine ni ya ujuzi, iliyoanza kwa majaribio 2018 (uliza kwanza kama bado inapokea maombi), na kwa njia hiyo Kifaransa cha shule za mji wa Baraka, kwao Fizi, ni mtaji.

Ukishafika

Kanada unashuka ndege ukiwa mkaaji wa kudumu. Marekani unashuka ukiwa mkimbizi, na baada ya mwaka mmoja unatakiwa kuomba ukaaji wa kudumu, yaani unachunguzwa tena. Zamani niliiona tofauti hiyo kama ya karatasi tu. Novemba 2025 ikatoka amri ya ndani ya kupitia upya mafaili ya wakimbizi walioingia chini ya serikali iliyotangulia, watu zaidi ya 200,000, na maombi yao ya ukaaji kusimamishwa. Siku chache baadaye Mwafghani alipiga risasi askari wawili wa akiba mjini Washington, na mjadala ukawaka upya, ingawa yeye aliingia 2021 kwa ndege za uokoaji, hakupitia safari ya HCR. Yule wa Iowa yumo kwenye hao 200,000. Kwenye simu za Jumapili hilo halitaji.

Nauli ni mkopo kote kuwili. Hauna riba. Lipa.

Australia nitaipita haraka: nafasi 20,000 kwa mwaka kwa wakimbizi na wengine wa kibinadamu, ukaaji wa kudumu tangu siku ya kwanza, ukaguzi mkali wa tabia na nyaraka, na mwenye ndugu kule anaweza kupendekezwa naye. Kama huna mtu kule, usiifikirie. Sweden, iliyokuwa ikichukua 5,000 kwa mwaka, tangu 2023 imeshuka hadi 900.

Na kuna safu ya tatu ambayo hakuna aliyewahi kunipigia simu kuiulizia. Wale Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa pwani hii kama watumwa, waligawanyika miaka ya 1990. Wengine walikaa Dadaab, wakahamishiwa Kakuma 2002 ili wahojiwe mahali salama, wakapita mchujo uliokazwa baada ya Septemba 11, na zaidi ya 12,000 wakapelekwa Marekani. Wengine walishukia Tanga, wakapewa ardhi Chogo, Handeni, katikati ya Wazigua wanaoelewana nao lugha, na wengi baadaye wakapata uraia. Hakuna aliyewauliza kuhusu mbuzi. Najua Tanzania ya leo haigawi uraia hivyo, na shemeji yangu hawezi kuchagua Chogo. Nimeitaja kwa sababu kila ninapousikia mjadala wa usalama, nawakumbuka hao wa Handeni, wanaolima mahindi.

Nilichomwambia

Nilimwambia hivi. Faili la Marekani asilifute wala asiliguse, lisimame tu lilipo, halili ugali. Nguvu za mwaka huu azipeleke Kanada: mdogo wake atafute shirika lenye mkataba, na binti aulizie ile njia ya wanafunzi. Kama angekuwa kijana peke yake bila ndugu Kanada, ningemjibu vingine. Asimpe dalali hata shilingi, maana hakuna hatua ya HCR inayouzwa, na anayekwambia anamjua mtu wa Nairobi anamjua mtu wa Nairobi wa kugawana naye pesa zako.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu yule wa saba. Nikamwambia maabara haijui kulea. Aende mwenyewe, kabla hajaitwa, aombe aandikwe alivyo: mpwa, analelewa, mama amefariki.

"Na yeye nimwambie nini?"

Binti ana miaka 13 na hajui.

Jumatano alikwenda ofisi ya HCR peke yake. Foleni ilikuwa ndefu, akarudi bila kuhudumiwa. Amesema atarudi wiki ijayo, na kwamba kabla ya hapo ataongea na mke wake.